Vyanzo vidogo vya mionzi "visivyohitaji leseni": namna ya kuvitafuta, kuvihesabu na kuvitunza kwenye taasisi yako huku Kusini

Wakuu, hii nawaandikia watu wa maabara, walimu wa fizikia na kemia, mafundi wa hospitali, watunza stoo na hata wakuu wa vyuo kuanzia Kilwa mpaka Newala. Ukimuuliza mtu kama taasisi yake ina kitu chochote chenye mionzi anakujibu haraka haraka "tuna eksirei tu", basi mazungumzo yameisha. Ila ukifungua lile kabati la nyuma la maabara ya fizikia, lile ambalo funguo yake kila mtu anasema ipo kwa mwenzake, unakuta kiboksi cha mbao, ndani kuna vitundu vimezungushiwa risasi (ile metali nzito), kwenye vitundu kuna vikombe vidogo vya chuma vyenye kishina cha kushikia kwa koleo, na kwenye kifuniko ile alama ya mabawa matatu rangi yake imeshapauka haisomeki vizuri. Au stoo ya kemia kuna kichupa cha yuranili asiteti, unga wa njano, kipo tangu enzi za msaada na hakuna aliyewahi kukitumia.

Hivyo vitu ndo mada ya leo. Vingi vinaitwa vya msamaha, yaani vina mionzi kidogo mno kiasi kwamba sheria haikudai leseni wala ukaguzi kama inavyodai kwa vyanzo vikubwa, na watu wakishasikia "msamaha" wanaona basi hata kuandika haina haja. Hapo ndo tunapokosea, maana msamaha unatolewa kwa kiasi, na kama hujui una kiasi gani huwezi kujua kama umesamehewa. Kuhesabu ndo msamaha wenyewe ulipokaa.

Msamaha unatoka wapi

Kwetu mwenye mamlaka ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, inafanya kazi chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Wafanyabiashara wengi wa huku wanaijua TAEC kwa mambo ya cheti cha mionzi cha vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, sasa hao hao ndo wenye neno la mwisho kuhusu kichupa chako cha urani. Na Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, tangu 1976, kwa hiyo namba nitakazotumia hapa ni za viwango vya IAEA vya mwaka 2014 vinavyojulikana kama GSR Part 3, ndivyo vinavyotumika kama rejea sehemu nyingi duniani. Namba zikuongoze kwenye hesabu, uamuzi wa "hiki kimesamehewa, hiki hapana" unaachiwa TAEC kwa maandishi.

Wazo lililo nyuma ya namba ni rahisi: kitu kinasamehewa kama kwa matumizi ya kawaida hakiwezi kumpa mtu yeyote zaidi ya kama maikrosieverti 10 kwa mwaka (sieverti ni kipimo cha dozi ya mionzi anayoipata mtu). Mionzi ya asili tu, ya ardhini, angani, hewani na kwenye chakula, wastani wa dunia ni kama milisieverti 2.4 kwa mwaka, yaani maikrosieverti 2,400, kwa hiyo hiyo 10 ni sehemu moja ya 240. Ni ndogo kweli kweli, hakuna sababu ya mtu kukimbia maabara.

Kutoka hapo wakapiga hesabu kwa kila isotopu (aina ya atomi, ile yenye jina na namba kama kobalti-60) wakapata vikomo viwili, kimoja cha aktiviti nzima (atomi ngapi zinavunjika kwa sekunde, kipimo chake bekereli, Bq, na elfu moja zake ni kBq) na kingine cha aktiviti kwa gramu. Ukiwa chini ya kimoja wapo kati ya hivyo viwili unahesabika umo ndani ya msamaha. Vile tunavyokutana navyo zaidi kikomo cha aktiviti nzima ni hivi: amerisiamu-241 ni 10 kBq, sesiamu-137 ni 10 kBq, strontiamu-90 ni 10 kBq, radiamu-226 ni 10 kBq, kobalti-60 ni 100 kBq, ayodini-125 ni 1,000 kBq, nikeli-63 ni 100,000 kBq, na tritiamu inaenda mpaka milioni moja kBq. Umeona tofauti ilivyo kubwa? Ndo maana ukiambiwa tu "ni ka-chanzo kadogo" usikubali, uliza cha isotopu gani.

Anza kwa kuzunguka, sio kwa kujaza fomu

Kosa la kwanza ambalo wengi wanafanya ni kutuma barua kwa wakuu wa idara "leteni orodha ya vyanzo vya mionzi", majibu yanarudi "hatuna", mnafunga faili. Wakuu wa idara hawadanganyi, hawajui tu. Zunguka mwenyewe na mtu wa stoo na mzee mmoja aliyekaa hapo muda mrefu, huyo mzee ni muhimu kuliko kompyuta yako maana ndo anakumbuka nani alileta nini na kile chumba cha giza cha picha za eksirei kiligeuzwa stoo lini.

Maabara ya fizikia nimeshaisema. Angalia pia kwenye droo ya geiga kaunta (mashine ya kupima mionzi), mara nyingi kuna kidude cha plastiki cha duara kama sarafu kimeandikwa Cs-137 au Sr-90, hicho ni chanzo cha kupimia kama mashine inafanya kazi. Wengi wanakiona ni sehemu ya mashine, hakiandikwi popote, mashine ikifa inatupwa nacho.

Kemia: tafuta chupa zote za chumvi za urani na thoriamu, yuranili asiteti, yuranili naitreti, zinki yuranili asiteti iliyokuwa inatumika kupima sodiamu, thoriamu naitreti. Hapa naomba tukae kidogo. Chupa ya gramu 25 ya yuranili asiteti ina urani kama gramu 14, na gramu moja ya urani-238 inatoa kama 12.4 kBq, kwa hiyo urani-238 peke yake kwenye hiyo chupa ni zaidi ya 170 kBq wakati kikomo chake ni 10 kBq. Yaani kile kichupa ambacho kila mtu anakiona ni kemikali tu kimepita kikomo zaidi ya mara 17. Na hatari yake kubwa sio kuwa karibu nacho, ni kuvuta ule unga au kuula, na urani ni sumu ya figo kama zilivyo metali nzito nyingine. Usikifungue kunusa wala kuangalia kama kimeganda. Potasiamu kloridi nayo ina mionzi ya asili, kama Bq 16 kwa gramu, ila kikomo cha potasiamu-40 ni Bq 100 kwa gramu, hiyo achana nayo usijaze leja bure.

Karakana. Vyuo vya ufundi mnaochomelea kwa TIG (ule uchomeleaji wa umeme na gesi), angalieni fimbo za tangsteni zenye ncha nyekundu. Zile nyekundu zina thoriamu oksidi kama asilimia 2. Kuchomelea nazo sio shida sana, shida ni kule kuzinoa kwenye jiwe, lile vumbi ndo lisilotakiwa mapafuni. Zipo fimbo mbadala za lanthanamu au seriamu zinazofanya kazi ile ile, mkiagiza tena agizeni hizo, mnakuwa mmejipunguzia kitu kimoja kwenye orodha. Na kwa wale wenye karabai za zamani, ile tambi nyeupe ya kitambaa inayowaka ndani ya kioo, za zamani nyingi zilitiwa thoriamu. Mvuvi wa Mikindani mwenye karabai yake moja hana cha kuandika kwa mtu, ila taasisi yenye katoni la tambi za zamani stoo iandike.

Dari. Vitambua moshi. Kuna vya aina mbili, vya mwanga na vya ayoni, na vya ayoni vina amerisiamu-241 kwa kawaida isiyozidi kama 37 kBq. Sasa utasema mbona 37 imezidi 10? Ni kweli, hivi vinasamehewa kwa njia nyingine, kama kifaa cha aina iliyoidhinishwa ambacho chanzo chake kimefungwa na mionzi yake kwa umbali wa sentimita 10 haizidi maikrosieverti 1 kwa saa. Kikiwa darini kinafanya kazi hakuna neno. Ila hosteli ikikarabatiwa, fundi akashusha vyote 40 akavirundika kwenye kiroba nyuma ya jiko, hapo una 1,480 kBq mahali pamoja, mara 148 ya kikomo, na havipo tena kwenye matumizi yaliyoidhinishwa. Geuza kimoja uangalie chini, kama kina alama ya mionzi na maandishi Am-241 basi ni cha ayoni.

Halafu yale mabango ya kutokea yanayong'aa gizani bila umeme. Mengine ni rangi tu ya kung'aa, mengine yana gesi ya tritiamu ndani ya vioo, na haya yanaweza kuwa na mamia ya bilioni za bekereli, kikomo cha tritiamu ni bilioni moja. Kwa hiyo bango likiwa na tritiamu maana yake limepita, halijalishi linavyoonekana la kawaida. Dira za zamani na saa za melini zenye mishale iliyopakwa rangi ya radiamu, vyuo vyenye makumbusho kidogo au watu wa bandari mnaelewa. Na vizuia radi vya zamani vyenye kichwa cha ajabu ajabu, baadhi ya aina vilitiwa amerisiamu au radiamu, msipande kuvikata kabla hamjajua.

Maabara za utafiti na za hospitali: GC (mashine ya kutenganisha kemikali zikiwa gesi) yenye kitambuzi cha aina ya ECD, hii inatumika kupima mabaki ya viuatilifu na huku kwenye mikorosho mtu yeyote mwenye maabara ya mazao anaweza kuwa nayo, ndani kuna nikeli-63, mara nyingi 370 MBq au 555 (MBq moja ni kBq 1,000), kikomo ni 100 MBq, kwa hiyo sio ya msamaha hata kama imefungwa ndani ya mashine kubwa safi. Mashine za kusoma siintilesheni ya majimaji (zinazopima mionzi kwa mimweko ya mwanga) zina chanzo chao cha ndani cha kujipimia, tafuta kwenye kitabu cha mashine. Seti (kit) za vipimo vya homoni zenye ayodini-125 zina kama 370 kBq kila moja, moja ipo ndani ya msamaha, mbili pia, ya tatu ikiingia friji moja umefika 1,110 umepita.

Vile ambavyo sio vya msamaha kabisa na usiviguse wala kuvichanganya na orodha hii: kipimo cha mgandamizo wa barabara (kina sesiamu na amerisiamu-beriliamu), vipimo vya kina na unene viwandani, vyanzo vya kupimia visima vya gesi, vya kupiga picha mabomba. Kwa mkoa wenye saruji na gesi kama wetu hivi vinapita sana barabarani, vina leseni zao na watu wao. Ukikuta kimoja kimesahaulika kwenye yadi ya mkandarasi, piga simu TAEC na polisi, sio kukihamishia stoo yenu "kwa usalama". Na eksirei haina mada nururifu ndani (yaani kitu kinachotoa mionzi chenyewe), ukizima umezima, ila leseni yake ipo pale pale.

Hesabu yenyewe

Lebo za zamani zinaandika kyuri (Ci), kipimo cha zamani cha aktiviti. 1 µCi, yaani maikrokyuri moja, ni 37 kBq, hiyo ishike kichwani. Kisha tarehe: aktiviti iliyoandikwa ni ya siku kilipotengenezwa, sio ya leo.

Tuchukue mfano wa zile seti za shule za Uingereza, vikombe vinne, kila kimoja 5 µCi yaani 185 kBq, tuseme vimeandikwa mwaka 1990 na tunahesabu mpaka 2025, miaka 35. Kobalti-60 nusu maisha yake (muda wa aktiviti kupungua nusu) ni miaka 5.27, kwa hiyo imepungua nusu zaidi ya mara sita, imebaki kama 1.85 kBq, kikomo 100, hiyo imekwisha kazi kabisa hata geiga kaunta inaisikia kwa mbali. Strontiamu-90, nusu maisha miaka 28.8, imebaki kama 80 kBq, kikomo 10, imepita mara nane. Amerisiamu-241, nusu maisha miaka 432, imebaki 175, imepita mara 17 na nusu. Radiamu-226 miaka 1,600, hiyo haijatikisika, 182 kBq, mara 18. Kwa hiyo kile kiboksi cha mbao ambacho mwalimu anasema "ni cha wanafunzi tu hakina kitu", vitatu kati ya vinne vipo juu ya kikomo mpaka kesho. Haimaanishi vimemdhuru mtu, maana vikikaa kwenye risasi na vikishikwa kwa koleo dozi ni ndogo sana, inamaanisha tu vinatakiwa vijulikane TAEC.

Kwenye Excel hii inatosha, aktiviti ya mwanzo ipo E, tarehe F, nusu maisha kwa miaka G:

=E2*0.5^((TODAY()-F2)/365.25/G2)

Safu inayofuata gawanya jibu kwa kikomo cha hiyo isotopu. Jibu hilo ndo sehemu yake. Halafu jumlisha sehemu zote za taasisi, na hapa ndo watu wanashtuka. Chukua vidude vitatu vya plastiki, Cs-137, Sr-90 na Am-241, kila kimoja 0.1 µCi yaani 3.7 kBq. Kila kimoja ni 0.37, chini ya moja, kimesamehewa. Ukivijumlisha unapata 1.11. Vikiwa vitatu mahali pamoja msamaha wa namba umeisha. Na hakuna aliyenunua kitu kikubwa, fizikia walinunua kimoja, mradi wa mazingira ukaleta kingine, cha tatu kilikuja na mashine. Ndo maana orodha inatakiwa iwe moja ya taasisi nzima, sio kila idara na daftari lake.

Kuna mtego mwingine, lebo ya kutoka dukani. Ukinunua chanzo kutoka Marekani kimeandikwa kwamba hakihitaji leseni, hiyo ni kwa sheria ya Marekani. Kule sesiamu-137 inaruhusiwa mpaka 10 µCi bila leseni, hiyo ni 370 kBq, mara 37 ya kikomo cha IAEA. Muuzaji hajakudanganya, ila karatasi yake haikusaidii ukiwa Masasi. Hiyo inaenda pia kwa misaada: mfadhili akisema anawaletea kontena la vifaa vya maabara vilivyotumika, ombeni orodha kabla halijapakiwa, pitieni mstari kwa mstari, chochote chenye isotopu kiombewe kibali cha kuingiza kabla ya meli kuondoka. Kikishafika bandarini bila kibali mtakaa mnazungushana na forodha, na gharama za kuhifadhi zinaliwa na nani?

Leja

Sio lazima iwe kitu cha kisasa. Kila chanzo mstari mmoja: namba mliyokipa nyie, isotopu, umbo (kimefungwa, unga, maji, gesi), aktiviti na tarehe yake kama lebo inavyosema, namba ya kiwandani, kilipatikana vipi, kipo chumba gani kabati gani, nani anakijibikia, mara ya mwisho kimeonekana lini na nani alikiona. Hiyo ya mwisho ndo watu wanaidanganya, wanajaza "kipo" bila kufungua. Piga picha kila kitu ukiwa na rula pembeni, baada ya miaka mitano mtu mwingine asibishane kama kikombe ni hiki au kile. Kama lebo haisomeki usikisie, andika "haijulikani" na ukichukulie kama kimezidi mpaka kipimwe. Chapisha nakala mbili, moja kabatini moja kwa mkuu wa taasisi, umeme wa huku mnaujua na kompyuta ya maabara ikipata virusi imeondoka na kila kitu.

Kwa fimbo za TIG na vitu vinavyotumika vikaisha, andika paketi, sio fimbo moja moja, utachoka na utaacha. Kwa kemikali andika uzito wa chupa nzima na kifuniko, kila mara ukipima uzito ukipungua bila matumizi kuandikwa una swali la kuuliza.

Hali ya hewa ya pwani inataka neno lake. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, kufuli ya bei rahisi inashika kutu ndani ya msimu mmoja wa masika, lebo ya karatasi inaumuka, wino wa kalamu ya kawaida unafifia kwa joto. Nimeona kikombe cha strontiamu ambacho lebo yake ilibaki herufi "S" tu na nusu ya nambari, wengine wakasema ni salfa. Tumia vibati vidogo vya alumini vilivyogongwa namba kwa msumari au kichapa, vifungwe kwa waya kwenye kontena na sio kwenye chanzo chenyewe, kufuli ya shaba, na ule mfuko mdogo wa kukausha unyevu unaokuja na viatu uweke ndani ya boksi. Kila ukifungua angalia kutu kwenye uso wa chanzo. Amerisiamu hasa, ile karatasi nyembamba ya mbele ikitoboka au ikibanduka kinavuja, usiifute, usiiguse, kirudishe kwa koleo, funga, weka kwenye mfuko wa plastiki, nawa mikono, andika, ita TAEC.

Kabati liwe mbali na meza ambayo mtu anakaa siku nzima, sio ndani ya stoo ya vyakula vya bweni, sio pamoja na petroli au gesi. Alama ya mionzi mlangoni, jina la mhusika na simu ya kazi. Kwa vyanzo vidogo hivi huna haja ya bunka, mita mbili za umbali na mlango unaofungwa vinafanya kazi kubwa. Wengine wanabandika alama kubwa mlango mzima mpaka wafanya usafi wanagoma, hilo nalo halisaidii, kaa nao uwaeleze dakika kumi ndani kuna nini na kwamba wasifungue.

Hesabu upya kila miezi sita, fungua, hesabu, saini wawili. Ukifanya kabla ya likizo ya Juni na kabla ya Desemba inakaa vizuri, maana likizoni ndo majengo yanapakwa rangi, makabati yanahamishwa na vitu vinapotea. Kikikosekana kimoja, hata kidogo vipi, tafuta siku hiyo hiyo, na usipokiona toa taarifa kwa mkuu na TAEC. Kule Goiânia, Brazil, 1987, watu waliokota mashine ya tiba iliyoachwa kwenye kliniki iliyofungwa wakaivunja kwa ajili ya chuma chakavu, wanne wakafa. Ile ilikuwa sesiamu kubwa mno, hailingani kabisa na vidude vyetu, ila njia iliyopita ndo ile ile, kitu hakina mwenyewe, jengo limefungwa, mtu wa skrepa kapita.

Kukiondoa

Mada nururifu haiingii kwenye mnada wa mali chakavu. Bodi ya kufuta mali ikija kuandika meza na viti vibovu, wewe toa vyanzo vyote kwenye mashine kwanza (anayetoa awe mtu anayejua, ECD haifunguliwi na fundi wa friji), na leja ioneshe kwamba vimetolewa. Usivizike nyuma ya shule, usivichome na taka za hospitali, tanuri halichomi mionzi, linaisambaza tu kwenye moshi na majivu. Baharini ndo usiseme. Na ile risasi ya kontena ina soko, wavuvi wanahitaji chubwi za nyavu, kwa hiyo kontena likionekana limewekwa nje bila mwenyewe halichukui wiki, na anayeyeyusha hatajua kilichokuwa ndani.

Njia ya halali ni kuandika barua TAEC kupitia mkuu wa taasisi, ambatanisha leja na picha, eleza unataka kukabidhi vyanzo visivyotumika. Wana kituo cha kuhifadhi taka za mionzi Arusha. Usisafirishe mwenyewe, narudia usiweke kwenye buti la basi la Dar na kumpa kondakta elfu tano, hata kama ni kidude cha 3.7 kBq ambacho peke yake kisingemdhuru mtu. Usafirishaji una taratibu zake, kifurushi chenye namba ya UN (Umoja wa Mataifa) 2910 au 2911 kwa kiasi kidogo, mionzi juu ya kifurushi isizidi maikrosieverti 5 kwa saa, na karatasi zake. Wao watakuelekeza ufungashe vipi na nani abebe. Subiri ni ndefu wakati mwingine na kuna gharama, iingizwe kwenye bajeti mapema, usingoje mpaka jengo linabomolewa. Kobalti iliyokwisha kama ile ya mfano wetu pia iulizie, kushuka chini ya kikomo hakukupi ruhusa ya kuitupa kwenye dampo, kuachiliwa kwa kitu kutoka kwenye udhibiti ni uamuzi wao na unataka barua yao.

Mtu wa maabara akihamishwa, na huku uhamisho unakuja wiki mbili tu kabla, makabidhiano yafanywe kabati likiwa wazi, anayeondoka na anayepokea wote wakiwa wamesimama hapo na leja, kila mstari unaguswa kwa kalamu, funguo zinaandikwa ni ngapi. Kama anayepokea hajafika bado, funguo na leja zinaenda kwa mkuu wa taasisi kwa saini, sio kuachwa kwa mlinzi getini.